Genge la Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1974

Ukungu hadi saa tatu. Baridi ya kukata vidole. Chai, kiazi kitamu, dawa ya kifua. Nimefagia majani ya mparachichi mwenyewe; mgongo ukagoma katikati ya uwanja.

Gazeti la Ijumaa limefika leo na basi. Ukurasa wa tano, picha ya kwetu. Msitu wetu wa pwani ya kusini sasa ni hifadhi ya taifa. Genge linaonekana vizuri, jeupe, limekatika wima hadi baharini. Juu yake ile miti ya sandarusi ambayo bibi yangu aliikuta mikubwa vilevile. Mbele amesimama Athumani, binamu yangu. Kofia mpya. Ananyoosha kidole kama aliyelijenga yeye. Chini wameandika: mzee anayejua jina la kila mti na kila jiwe.

Kando yake kuna kibao: GENGE LA MKWE.

Sikumaliza chai.

Jumanne, 4 Juni

Nina wivu. Afadhali niliandike neno lenyewe kuliko kulizunguka.

Mwaka wa thelathini na nane Waingereza walipanda bikoni za mpaka kuzunguka msitu, tukaambiwa tutoke. Nyumba zote. Athumani peke yake alibaki, kwa sababu walimwajiri kuwa mlinzi. Mimi nilimchukua baba nikaja naye hadi Chunya, nikawa karani kwenye machimbo ya dhahabu, kisha hapa Iyunga. Baba amezikwa nyuma ya nyumba hii, katika udongo unaonata kwenye jembe. Hakuiona bahari tena.

Na Athumani alijua nini? Kwenye ukingo wa genge alikuwa akitambaa kwa tumbo, tukimcheka. Bibi alinifundisha mimi. Jioni, ndani, mlango umefungwa: mapango, chemchemi, njia za ngedere, yote kwa majina. Genge halikuitwa Mkwe hata siku moja. Jina lake la haki ni ▬▬▬▬▬▬▬.

Nimeliandika mara ya kwanza maishani. Kisha nikafunga dirisha. Baridi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeandika barua kwa mkuu wa hifadhi. Karatasi tatu zimeharibika. Katika ya kwanza nilimwita Athumani mwongo, katika ya pili mjinga. Ya nne ina adabu. Inasema tu kwamba mlinzi wenu mstaafu amesahau, na mimi ninalo jina la kweli, hili hapa, liandikwe kwenye kibao na kwenye ramani.

Mzee Ambakisye, jirani, alikuja kuazima shoka akaliona gazeti mezani. Akasoma kibao kwa sauti.

“Genge la Mkwe. Huyo mkwe anauza nini, nyanya? Kama wale wa Ilula?”

Nikamweleza kwamba kwetu genge si kibanda cha mboga. Ni ukuta wa mwamba, bahari iko chini yake.

“Bahari! Wewe, mwenzangu, ambaye mvua ikinyesha huvuki hata mfereji.”

Alicheka hadi akasahau shoka. Sikumkumbusha.

Gazeti limeongeza na hadithi: eti mama mmoja alijirusha pale kwa kukataliwa na mkwewe. Uzushi mtupu. Nani kawaambia? Athumani, akivuta sigara ya mgeni. Namwona kabisa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepanda lori hadi mjini na barua mfukoni. Posta wamefunga saa sita kamili, nami nilifika saa sita na dakika tano. Nilisimama mbele ya sanduku la barua. Ningeweza kuitumbukiza. Nilijiambia barua kama hii ni ya kusajiliwa, nitarudi Jumatatu. Nimerudi kwa miguu, karibu njia yote. Miguu imevimba.

Nimetazama picha tena. Athumani amezeeka vizuri kuliko mimi. Hilo nalo.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu alivunja chungu asubuhi, maharage yakamwagika motoni. Nilikuwa chumbani nikifunga bahasha mpya kwa gundi. Mama Zawadi alisikia kishindo, akamkimbilia jikoni. Ni Mhehe, amehamia jirani na sisi mwezi uliopita kutoka Iringa, hajatuzoea. Nimewasikia kupitia dirisha.

“Kimevunjika nini, mama?”

“Kile cha udongo. Cha maharage.”

“Si useme chungu tu.”

“Siwezi. Ni jina la mkwe wangu.”

“Yule aliyezikwa hapo nyuma? Si alishakufa?”

“Amekufa yeye. Ukwe haujafa. Nikilitaja hapa anisikie?”

Baba aliitwa Chungu. Mke wangu ni Mnyakyusa, na kwao mwanamke halitaji jina la baba mkwe. Baba alipokuwa hai, akitokea mbele, mke wangu alikuwa akigeuza njia na kupita nyuma ya migomba. Miaka thelathini na miwili sijamsikia akisema chungu. Nimezoea hivi kwamba nilishaacha kusikia.

Mkwe.

Nilikaa kitandani.

Kwa nini bibi alikuwa akifunga mlango? Kwa nini jioni, ndani, mgongo ameuelekeza baharini? Tulipokuwa tukienda kuokota utomvu mkavu wa sandarusi, genge likitokea tu kati ya miti, wakubwa walikuwa wakinyamaza, na aliyelazimika kulisema alisema mkwe. Mkwe leo ana ukungu. Tusikae sana kwa mkwe. Jina lake mtu halitaji mbele ya uso wake.

Nililishika jina miaka yote hii, na hili likaniponyoka.

Athumani alisimama pale pale, mbele yake, ofisa ana kalamu mkononi. Angejibu nini? Alijibu alivyofundishwa. Nami nilikuwa nimelifunga jina ndani ya bahasha ili lipigwe rangi kwenye mbao, watalii walisome kwa sauti.

Jumatano, 12 Juni

Barua imewashia jiko la mkaa. Mke wangu aliuliza ni karatasi gani nzuri hivyo. Nikasema imeharibika.

Wivu haujaisha. Nilidhani utaisha. Umehamia mahali pengine tu: yeye bado ana kitu cha kunyamazia. Mimi naweza kulitaja jina hapa Iyunga tangu asubuhi mpaka jua lizame, na hakuna kitakachonisikia.

Hata hivyo nimechukua wino na kufuta neno la mwisho katika mstari ule wa Jumanne. Nimelipaka mara mbili, limetokeza upande wa pili wa karatasi.

Kisha kadi kwa Athumani. Salamu, kifua, habari za watoto, kofia imekukaa vizuri. Mwisho nimeandika: Nisalimie Mkwe. Nimeitia posta leo.

Njiani nimenunua chungu cha wafinyanzi Wakisi, kizito, cheusi upande mmoja. Mke wangu amekigonga kwa kidole, akasikiliza.

“Hiki kizuri, Baba Tumaini.”

Maharage yako motoni. Ukungu umeondoka saa nne.