Radhi Iliyobaki Kinywani

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba haitoki siku hizi, kwa hiyo naiitikia mwenyewe kimoyomoyo na kuendelea.

Nakumbuka nilivyokueleza habari za masomo haya, pale barazani kwetu Kirumba, nawe unashona kanzu ya mtu. Nilisema Uingereza wapo walimu wanaochunguza ubongo ili watengeneze mashine inayojifunza yenyewe. Ulicheka hadi uzi ukakatika. "Cherehani hii ninayo tangu hujazaliwa," ukasema, "haijajifunza hata kushona kifungo."

Siku ya safari, pale stesheni, hukucheka. "Uhuru ndio huo unakuja, watu wanataka madaktari, wewe unakwenda kufundisha vyuma?" Nikakuomba radhi. Ukaninyoosha kola, ukasema, "Nenda. Tutazungumza ukirudi." Nikapanda treni nikiamini mazungumzo hayaozi.

Sasa dada Mwajuma ameniandikia kwamba kiharusi kimekulaza na maneno yamekwisha. Jina lake huwezi kulitaja, lakini Alhamdu unaisoma mpaka mwisho bila kukwama. Basi majirani wamekwisha kukata shauri: mzee kusema anaweza, ila amenuna, na hatafungua kinywa mpaka mwanawe wa Ulaya arudi kumwangukia.

Si kweli, Baba. Huku nimeona wagonjwa kama wewe. Aya uliyoizoea tangu utotoni hutoka yenyewe, kama mguu wako unavyokanyaga cherehani bila kuambiwa. Neno la kumjibu mtu ndilo linalogoma. Naweza kuonyesha kwa kidole mahali palipoumia. Kupaponya siwezi. Mwalimu wangu naye hawezi, na mashine yetu, nyaya chumba kizima, bado inahangaika kutofautisha duara na mraba. Nimesoma mpaka nimejua sawasawa kwa nini sina la kufanya, na inaniuma sana.

Nimeomba ruhusa ya kuja kukuona. Wanaonisomesha wamekataa: nimalize kwanza.

Mwajuma atakusomea barua hii. Akifika hapa, naomba tena: nipe radhi, Baba. Neno likigoma, weka mkono wako usiopooza juu ya karatasi, ataniandikia.

Na usipouweka, majirani watasema ni hasira. Mimi niliyesomea ubongo sitakuwa na uhakika wa kuwabishia.

Mungu akuinue kitandani.

Ni mimi,
kitindamimba wako