Neno Nililolisoma Nusu

Kaka Festo,

Kamwene, nakuamkia kwa Kihehe chetu. Najua hutajibu, na safari hii sitakuita mvivu wa kuandika. Ni mimi Yohane, mdogo wako, yule uliyemwita Mzungu wa Ilula mbele za watu mpaka wasichana wa gengeni wakalishika jina. Shati lako la kijani sasa nalivaa mimi. Usikasirike. Linanikaa vizuri kuliko lilivyokukaa wewe, na hilo nilikuwa nakwambia hata ulipokuwa hai.

Walikuzika Mbeya bila sisi. Huko uliko labda ulishajiuliza kwa nini mama yako hakuja. Sababu ni mimi, kaka. Sitaki usikie kwa mtu mwingine.

Ile homa ilipokuchukua, bosi wenu wa gereji, yule mgeni, alituandikia barua. Kiswahili hakukijua, akaandika Kiingereza, akampa dereva wa lori la bluu lililokuwa linashuka Dar es Salaam. Dereva aliifikisha Jumanne, akamkabidhi baba mkononi, akaondoka zake. Hakujua amebeba nini.

Mama alikuwa shambani. Baba akaniita pale kibandani tunapouzia nyanya, na majirani watatu wakasogea kuona kama kweli Kiingereza nakijua au nawadanganya siku zote. Unanijua mimi na watu wakinitazama. Nikakohoa. Nikaishika barua mbali na uso kama karani wa wilaya.

Nikaona "sorry". Hiyo naijua. Nikaona "late". Hiyo ndiyo naijua kuliko jina langu, maana Mwalimu Luka alinifundisha kwa fimbo pale getini, karibu kila asubuhi ya darasa la tano. Yeye anasema "You are late", wewe unajibu "Sorry, teacher", halafu unainama. Maneno hayo mawili kwangu yalikuwa yanatembea pamoja kama ng'ombe wa plau. Nikaona jina lako limefuata nyuma yake. Nikaona neno la kubaki. Nikaona Ijumaa. Mengine sikuyajua, nikayaruka, na wala sikusema kwamba nimeyaruka.

Nikatangaza: "Wanaomba radhi, Festo amechelewa. Mizigo yake iliyobaki wanaitunza mpaka Ijumaa."

Baba akauliza, "Una hakika?"

Nikamjibu, "Baba, hiki ndicho Kiingereza changu."

Kumbe mizigo iliyobaki ilikuwa ni wewe. Ndivyo Waingereza wanavyouita mwili kwa heshima, kilichobaki. Walikuwa wanatungoja mpaka Ijumaa tuje kukuchukua.

Mama aliporudi, baba alimwambia unakuja, umechelewa kidogo tu. Aliimba jikoni, kaka. Ijumaa akachinja jogoo. Mimi nilisimama barabarani tangu asubuhi, na kila basi la kutoka Iringa lililopita bila kusimama nilimgeukia mama nikasema, "Si niliwaambia? Amechelewa." Nililisema neno hilo kutwa nzima, nikicheka. Wewe saa hizo...

Jumamosi akaja Ambakisye, yule rafiki yako Mnyakyusa wa gereji, amebeba sanduku lako la bati begani. Akavua kofia. "Poleni, Mama."

Mama akacheka. "Pole ya safari ni yako, baba. Mwenzako umemwacha wapi?"

Ambakisye alimtazama, akamtazama baba, akalishusha lile sanduku polepole kama lina mayai. "Mama, Festo tulimzika jana. Tuliwangoja mpaka saa tisa." Halafu, kwa sauti ya chini, "Barua si mliipata?"

Hapo nilijua kila kitu kwa mara moja. Nilimwona baba ananiangalia. Akasema, "Barua ilichelewa."

Hivyo ndivyo nilivyookolewa. Baba, ambaye alinichapa kwa uongo wa yai moja, alidanganya mbele ya sanduku la mwanawe ili mimi niendelee kuwa mtu. Tangu siku ile hajaligusa jambo hilo, na mimi nikakaa kimya kama mwizi.

Ila mama hakukaa kimya. Aliamini dereva ndiye aliyezubaa na barua njiani. Kila lori la bluu likipita, aliacha kupanga nyanya akalilaani mpaka lipotelee kwenye kona. Nilikuwa namsikia. Nilikuwa nageuza uso, najidai nafunga tenga.

Mwezi uliopita yule dereva akasimama pale kwetu. Mtu mfupi, mpole, alitaka nyanya za kwake nyumbani. Mama akazifunika kwa kanga. "Kwako siuzi. Wewe ndiye uliyenizikia mwanangu nikiwa hapa nachinja kuku."

Yule bwana akashangaa. "Mama, mimi barua niliileta siku ileile. Nilimpa mzee huyu."

Baba akaanza kukohoa, akatafuta la kusema. Nikaona atadanganya tena kwa ajili yangu, na safari hii mbele ya mtu asiye na kosa. Nikasema, "Mama, hakuchelewesha. Mimi nilisoma vibaya."

Nilimweleza yote pale pale, na shati lako nimelivaa. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alizifunua nyanya, akamchagulia yule dereva zilizo ngumu, akamjazia tenga, akamwambia, "Nisamehe, baba. Nimekulaani sana." Kwangu hakusema neno siku mbili.

Siku ya tatu akasema, "Nenda kwa mwalimu wako. Muulize lile neno maana yake nini. Lote, si nusu."

Nikaenda. Nilikuwa na hasira, nikamwambia Mwalimu Luka bila hata kuamkia, "Mwalimu, ulinifundisha nusu ya neno."

Akanijibu, "Nusu ya pili nilipoifundisha, ulikuwa hujafika darasani."

Halafu nikamwambia ni neno gani, na ni barua gani. Akaingia ndani, akatoka na kamusi nene ambayo panya wameitafuna pembe, akanisomea taratibu kwa kidole. Anasema zamani sana neno hilo lilikuwa la mtu mzito, mwenda polepole. Baadaye likawa la aliyefika baada ya wakati, ndiyo huyo wa fimbo. Kisha likachukua maana ya jambo la juzijuzi, lililopita si muda mrefu. Na hapo ndipo walipolipeleka kwa wafu. Hawasemi umechelewa, kaka. Wanasema ulikuwepo hapa juzijuzi tu.

Nikamuuliza na sisi hili letu, marehemu, limetoka wapi. Akasema limetoka kwa Waarabu, ni aliyerehemiwa. Nimelitamka maisha yangu yote, kwenye kila msiba, na sikuwahi kuisikia rehema iliyomo.

Nilimpelekea mama yote mawili. Alisikiliza huku anamenya viazi. "Juzijuzi tu," akasema. "Basi hao nao wanajua kulia." Akamenya kiazi kingine chote kabla ya kuongeza, "Zile siku nne nilizompikia, kwangu alikuwa hai. Sijui nikushukuru au nikupige."

Hajasema amenisamehe. Lakini juzi ilikuja barua ya shangazi, ya Kiswahili, akaniwekea mapajani. "Soma. Na neno usilolijua, sema hulijui." Nilikwama kwenye neno moja, mwandiko wa shangazi unaujua ulivyo. Nikasema, "Hili silijui." Mama akaitikia kwa kichwa. Nakuahidi, kaka, nitalisema hilo popote, hata wakinicheka, hata wasichana wa gengeni wakiwepo.

Ambakisye anatuambia msalaba wako waliuandika kwa rangi ya magari, LATE FESTO, na siku hizi nyasi zimeufikia. Nyanya zikiisha tunakuja, baba, mama na mimi. Nilitaka kulifuta neno lile. Mama amekataa. Anasema walioliandika walikuzika wakati sisi hatupo, kwa hiyo liachwe, na letu niliandike chini yake.

Halafu amesema nitapiga magoti nikuombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, si kwa karatasi, na nikuombe kwa Kihehe. Nimekubali. Hicho siwezi kukutambia, maana wewe ndiye uliyenifundisha kukisema.

Lala salama, kaka. Tutakuja kung'oa hizo nyasi.

Mdogo wako,
Yohane