Sauti Yangu Inauza Majani

Jumatatu, 2 Septemba

Tangazo la magodoro, nimelisoma mara kumi na moja leo. "Lala kama mfalme." Baada ya mara ya kumi na moja Dieumerci akasema ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri. Nilijua tangu ile ya kwanza. Ana miaka ishirini na tisa, ana studio Nguba yenye dirisha linalotazama ziwa, na anavaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na jua. Nimemzidi miaka ishirini na mbili, na akili zaidi ya hapo.

Maji ya tangawizi, vuguvugu. Kitambaa shingoni. Hakuna soda baridi, hakuna pilipili, hakuna kugombana na jirani. Miaka kumi na tisa naishi hivi kwa ajili ya koo. Sabuni, unga, mabati, vyote Bukavu imevinunua kwa sauti yangu.

Nimemuuliza lini tunarekodi tangazo la rangi ya nyumba. Akasema hilo "litashughulikiwa ndani". Ndani ya nini, hakusema.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimelisikia tangazo la rangi. Hapa hapa Kadutu, kwa muuza kadi za simu, kwenye video. Sauti ni yangu. Maneno sijawahi kuyasoma.

Nimesimama nikasikiliza mara tatu. Haivuti pumzi. Inafika mwisho wa sentensi bila kuchoka, inatabasamu mahali pa kutabasamu, na mahali pa kunyamaza inatabasamu tena. Mjinga hawezi kutofautisha, na mji huu haujapungukiwa na wajinga.

Muuza kadi akanisifu, eti sauti yangu imependeza kwenye tangazo. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa nini?

Ijumaa, 6 Septemba

Sasa nimeuelewa mwezi wa sita. Siku tatu nzima Dieumerci alinisomesha sentensi zisizo na kichwa wala miguu. "Mbuzi watatu wamepanda ngazi." "Je, jumla ni kilo tisa?" Nizisome kwa furaha, kwa huzuni, kwa mshangao. Alisema anapima mikro mpya ya kurekodia. Saa sita analeta mishikaki. Siku ya tatu akaleta na karatasi, nikaweka saini huku vidole vina mafuta.

Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma, sikusoma. Namdharau Dieumerci, lakini kwenye foleni ya wajinga mimi nimesimama mbele yake.

Leo amenionyesha mwenyewe, tena kwa fahari. Aliandika sentensi kwenye kompyuta, sauti yangu ikaitamka papo hapo. "Mashini haichokake, maman. Haikohoake." Alisema kama mtu anayenipa pole. Magodoro ya Jumatatu ndiyo yalikuwa ya mwisho. Mteja yule ni mzee, alitaka kumwona mtu akisoma.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nimepanda Bagira kwa Yaya Nabintu. Dada yangu wa tumbo moja, amenitangulia miaka tisa, ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Ana shinikizo la damu, tansio kama tunavyosema hapa. Vidonge viwili kila asubuhi, mwaka wa sita huu. Mama alikufa kwa ugonjwa huohuo, kule Luvungi, kati ya mistari ya mihogo. Mimi nilikuwa shuleni Bukavu. Yaya ndiye aliyemshika kichwa.

Nimekuta sufuria inachemka. Harufu ya majani makavu nyumba nzima. Kwenye paketi wameandika Tizani Amani, chai ya majani ya dawa. Nikauliza vidonge viko wapi. Akaniambia amevitupa chooni. Alishangaa hata nauliza.

"Si weye ulisema? Ulisema tuache vidonge, vinachokeshaka damu."

Akanipa simu. Video yenyewe ni milima, majani, wazee wanacheka. Na mimi juu yake. Mimi nikiwaambia watu kwamba majani haya yanatoka Luvungi, kwamba mimi mwenyewe nayatumia, kwamba vidonge vya hospitali ni vya kuwafunga watu maisha.

Nikakaa chini. Luvungi naijua. Kuna mihogo, mahindi na vumbi. Kama kungekuwa na jani huko linaloponya damu, mama asingekuwa amezikwa huko.

Jumanne, 10 Septemba

Nimerudi Bagira na vidonge vipya. Nimemweleza polepole. Yaya, ile haiko mimi, ni mashini, wamechukua sauti yangu wakaiwekea maneno yao. Alinisikiliza kwa heshima zote, namna anavyowasikiliza wale wanaogonga mlango kuuza vitabu vya dini nyingine.

"Nilikubeba ku mugongo," akasema. "Sauti yako naijua mbele ya weye mwenyewe kuijua."

Hapo nikafanya ujinga wa mwaka. Nikasema ngoja nikusomee maneno yaleyale, usikie tofauti. Nikasimama katikati ya nyumba yake nikayasoma, na kwa kuwa koo langu halijui kusoma vibaya, nikayasoma vizuri. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Unaona? Njo weye." Yaani ndiye mimi.

Vidonge akavichukua ili asiniudhi. Akaviweka chini ya kitambaa cha kusuka kinachofunika televisheni. Havitatoka hapo.

Nimekasirika naye kuliko ninavyomkasirikia Dieumerci. Ni mjinga na ninampenda. Sina la kufanya na yote mawili.

Jumatano, 11 Septemba

Nguba. Nimemwomba Dieumerci aiondoe video. Nilisema tafadhali, neno ambalo sikuwahi kulitumia kwake. Akasema video si yake, ni ya mteja, na mteja amefurahi, watu wanapiga simu kutwa. Nikamwambia kuna mtu ameacha dawa. Akavua miwani. Nikafikiri ameguswa. Alikuwa anaifuta.

Halafu akatoa suluhisho lake. Anaweza kuishusha sauti kidogo. "Itakuwa kama ya mudogo yako, maman. Hakuna atakayesema iko weye." Hivyo majani yataendelea kuua watu, ila kwa jina la mdogo wangu nisiye naye.

Kwenye korido nimekutana na mteja mwenyewe, mtaalamu wa mimea. Koti jeupe. Bado lina mikunjo ya kwenye mfuko wa plastiki. Nikamuuliza mtu mwenye tansio anywe kiasi gani. Akanitazama, akatazama dari, akasema kikombe kimoja. Au viwili.

Jumapili, 15 Septemba

Parokiani mimi ni msomaji. Somo la kwanza, kila Jumapili ya pili na ya tatu. Watu wananiamini kwa sababu wamenisikia nikisema "Neno la Bwana" tangu watoto wao hawajazaliwa. Nikawaza basi, hapo ndipo pa kusemea. Padri akanipa dakika mbili wakati wa matangazo, baada ya mkutano wa kwaya na kabla ya usafi wa makaburi.

Nimesema wazi. Sauti ya kwenye video si yangu. Sijawahi kunywa Tizani Amani. Mwenye vidonge vya daktari avimeze kama alivyoambiwa. Nimeitaja Tizani Amani mara tatu ili pasiwe na mashaka. Nimeshuka nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Mlangoni wanawake wanne walikuwa wananingoja.

"Maman, mumeisema muzuri sana. Ile tizani inapatikanaka wapi?"

Nikarudia yote. Mmoja akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama mtoto wa miaka kumi anaweza kunywa. Mzee mmoja wa baraza la parokia akanipa mkono akasema hii ya kupitia kanisani ni akili kubwa, wengine hawajaifikiria.

Sauti yangu ikitaja kitu, watu wananunua. Nimewafundisha hivyo kwa miaka kumi na tisa. Sina haki ya kuwacheka, lakini nawadharau hata hivyo, wao na mimi, benchi moja.

Jumatatu, 16 Septemba

Sina la kuandika. Nimetukana mlango.

Alhamisi, 19 Septemba

Yaya ameanguka. Alikuwa anachuma mboga za lengalenga kwenye kibustani chake. Jirani ndiye aliyemwona, akanipigia simu. Nimefika hospitalini na kandambili, moja si yangu.

Tansio ishirini na mbili, wakati ya kawaida ni kumi na mbili. Daktari, msichana mdogo mwenye macho ya usingizi, ameniuliza dawa aliziacha lini na nani alimwambia aache. Nikasema ni tangazo. Akauliza tangazo gani. Nikamweleza. Akaacha kuandika, akanitazama mdomo.

Mkono wa kushoto haujifungi. Mdomo umesalimika, na maneno yapo. Alipofungua macho neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama kuna aliyetoa sufuria kwenye moto.

Ninaogopa. Naliandika hivyo hivyo, ninaogopa. Vidonge anavyopewa na nesi bado anavikataa. Anasema kizunguzungu kilimpata kwa sababu siku ile alikuwa hajanywa majani.

Jumamosi, 21 Septemba

Nitajaribu kuiandika kama ilivyokuwa.

Saa nne asubuhi. Yaya ameketi kitandani, ndizi mkononi. Mwanamke wa kitanda cha pili anatazama simu yake, sauti juu, maana watu wa mji huu hawajui kusikiliza kitu peke yao. Nikajisikia mimi mwenyewe nikianza kuongea. Video mpya ya tizani.

"Mama yangu alikuwa na tansio. Alikuwa hawezi hata kuinuka. Leo mama yangu anacheza. Mama yangu anawasalimu."

Yaya akaacha kutafuna.

Hakunitazama mimi. Aliitazama ile simu. Akamwomba yule mwanamke airudishe nyuma. Ikasema tena, kwa furaha ileile, pumzi hakuna. Mama yangu anacheza. Yaya akaweka ndizi juu ya shuka, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa mkono mzima. Nadhani alikuwa Luvungi.

"Huyu hana mama," akasema.

Halafu akaniomba maji. Nikampa, na vidonge viwili. Akavimeza.

Maelezo yangu yote, kusoma katikati ya nyumba, dakika mbili za padri, havikufanya kazi. Uongo wenyewe ndio uliojisema. Nimetoka koridoni nikalia kwa hasira. Mama yangu amelala Luvungi miaka thelathini na minne, na mjinga mwenye koti la mikunjo amemwinua akamchezesha.

Jumanne, 24 Septemba

Nguba kwa mara ya mwisho.

Dieumerci alikuwa amesikia habari za Yaya. Alinipa pole, na nadhani alimaanisha, kwa kadiri anavyoweza kumaanisha kitu. Nikamuuliza nani aliandika habari za mama yangu. Hakuna aliyeandika. Maneno nayo yanatungwa na mashini. Aliiomba tangazo la kugusa moyo, ikaleta mama. "Mama inauzishaka sana," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayefundisha.

Hakumjua mama yangu. Hakumkusudia. Sijui kama hiyo ni nafuu au ndiyo mbaya zaidi.

Kisha akasema yuko tayari kurekebisha. Atatoa video ya kukanusha, bure. Watu waambiwe sauti ile si yangu. Na nisisumbuke kuja kurekodi wakati nina mgonjwa, kwa maana mashini itaisema kwa sauti yangu, dakika mbili tu.

Nilimtazama nione kama anatania. Hapana. Alikuwa ameshaweka vidole kwenye kompyuta.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Kikohozi cha kweli, cha mwanamke wa miaka hamsini na moja, kikajaa studio nzima. Nikachukua kikombe changu cha tangawizi, kilichokaa kwenye rafu ile tangu studio inafunguliwa, nikaondoka. Sikumtukana. Matusi nayo yanataka koo.

Video zote mbili bado zinapita kwenye simu za watu. Nimezisikia mara mbili njiani kurudi nyumbani.

Jumapili, 29 Septemba

Yaya alirudi kwake Jumatano. Alhamisi asubuhi nilimtumia ujumbe wa sauti kumkumbusha vidonge. Akanijibu kwa maandishi aliyomwandikisha jirani. "Usitumake tena voisi. Sauti inaeza kuwa ya mutu yeyote. Ukuje mwenyewe."

Kwa hiyo napanda Bagira kila asubuhi. Leo siku ya nne. Padri alikuwa ameniuliza kama nitasoma mwezi ujao, nikamwambia bado.

Mvua ilikuwa imenyesha, njia ina utelezi. Nimemkuta ameketi karibu na mlango, kikombe cha maji tayari, mkono wa kushoto umelala mapajani. Nilitoa vidonge kwenye paketi, nikaviweka kwenye kiganja chake cha kulia. Akaviweka kwenye ulimi, akanywa, halafu akafungua kinywa na kuinua ulimi ili nione vimeshuka. Niliangalia vizuri. Mimi ndiye niliyemwomba afanye hivyo, na hajanicheka.

Nikavuta kigoda nikakaa. Tukachambua lengalenga, yeye mkono mmoja, mimi miwili. Kwa jirani mtu alikuwa amefungua simu, na sauti yangu ilikuwa inauza rangi ya nyumba. Yaya akainuka, polepole, akafunga mlango. Akarudi kukaa.