Chupa Isiyosimama

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye hotipoti. Ile chupa ya kijani nimeiegesha ndani ya kikombe chako cha chai, kwa hiyo leo tumia bilauri. ~~Usiiguse.~~ Iguse, ila kwa mikono miwili. Na usiioshe kwa maji ya moto, kioo cha zamani hupasuka.

Asubuhi ulinicheka mbele ya mdogo wako, eti mkeo anachakura jalala la kale na kuleta chupa mbovu, haina hata kitako cha kusimamia. Ulipotoka tu, akaja mzee mmoja wa makumbusho niliyemwita aione. Alivaa glovu kwanza ndipo akaishika. Kumbe ilitengenezwa hivyo makusudi: ilazwe, kizibo kisikauke, gesi ya soda isitoke. Imelala ardhini zaidi ya miaka mia, nami nimeitoa bila ufa, kwa kijiko na brashi ya viatu vyako.

Sululu yako nimeichukua. Mdogo wako akiuliza nilipo, mwambie niko jalalani, namfundisha mzee wa makumbusho kuchimba. Umwambie bila kucheka.

Mkeo,
Mama Jalala