Kaunta Isiyo na Kioo

Toongabbie, Sydney
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kwa Yaya wangu Masika, mtoto wa kwanza wa mama yetu,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi mdogo wako ninayekukumbuka kila siku. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeanza kukuachia ulale. Na nyumba je, mmeanza kuzoea ukimya tangu shemeji atutoke? Huku sisi ni wazima. Baridi imekwisha, kazi ya kutunza wazee inaendelea, na mgongo wangu unalalamika kama kawaida yake. Barua nampa Balthazar, anayekuja Butembo mwezi huu, kwa sababu haya si mambo ya kusema kwa simu inayokatika katikati ya neno.

Nianze na jema, usije ukasoma roho juu: Abigail ana mimba ya miezi saba, na mimi na yeye tumepatana. Sasa kaa vizuri nikueleze tulikopitia.

Unajua alipoolewa na Égide, yule kijana Mrundi aliyekulia kambini Nyarugusu, nilishika alichotufundisha mama, kwamba mwanamke hatafuni mbele ya mkwe wake wa kiume. Miaka mitatu, Yaya, wakija kwangu naandaa meza, nawakaribisha, halafu nabaki jikoni mpaka waage. Krismasi nilikula nimesimama kando ya friji. Égide hakuwahi kunung'unika. Abigail ndiye aliyeumia. Yule mtoto nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, lakini mwezi wa saba alikuja peke yake, akakaa kitandani kwangu, akasema kwa Kiswahili ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa: "Mama, kama huwezi kukaa meza moja na baba wa mtoto wangu, siku ya kuzaa usije." Akaniambia nichague mahali popote, siku yoyote, wao watakuja. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Sikulala vizuri wiki nzima. Ni mtoto wangu mmoja, baba yake hayupo, na mjukuu wangu azaliwe mimi nikiwa nyumbani nasubiri picha kwenye simu? Lakini pia sikuweza hata kufikiria kuinua kijiko huku Égide ananitazama.

Aliyenitoa hapo ni bibi mmoja Mjapani ninayemwogesha kazini, Bibi Tamura, ana miaka themanini na minane na ulimi wa msichana. Aliniuliza mbona namsugua mguu mmoja mara mbili. Nikamweleza yote. Akacheka, kisha akasema kwao kuna migahawa ya samaki ambako wageni hawakai kuzunguka meza. Wanapangwa mstari mmoja kwenye kaunta, wote wanamtazama mpishi, wala huchagui chakula. Wanaita omakase, yaani umemwachia mpishi aamue. Anatengeneza kipande kimoja kimoja cha samaki juu ya tonge la wali, anakuwekea mbele, unakula, anatengeneza kingine. Nikamuuliza kama jirani anaona mdomo wako. Akasema mtu mwenye adabu hatazami mdomo wa jirani. Yaya, nilitaka kumbusu huyo bibi na sabuni zake.

Basi siku yangu ya mapumziko nikapanda treni mpaka mjini kuchagua mgahawa. Wenzangu kazini walinipa ushauri wa kila aina: huyu asema tazama samaki wanatoka wapi, yule asema tazama mpishi alifundishwa na nani. Mimi nilikuwa natazama mbao. Mgahawa wa kwanza ulikuwa mzuri, lakini kaunta yake imepinda kama kwato ya punda, wa upande huu anaona meno ya wa upande ule. Nikaaga. Wa pili kaunta imenyooka, nikafurahi, mpaka nilipoona nyuma ya mpishi kuna kioo kikubwa ukuta mzima. Hapo ningekula mbele ya mkwe na mbele yangu mwenyewe. Wa tatu ulikuwa kwenye kichochoro, viti vinane, kaunta moja imenyooka, na ukuta wa mbao tupu. Bei yake sikuandikii, utaniombea bure.

Nilipiga simu kuweka nafasi. Nikamuuliza binti aliyepokea kama kuna kioo mahali popote. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama viti vinazunguka. Nadhani alifikiri nakuja na mtu mashuhuri anayejificha. Naye akaniuliza kama kuna mgeni asiyekula kitu fulani, au mwenye hali ya kiafya wanayopaswa kuijua. Nikamjibu kwa fahari kwamba sisi hatukatai chakula chochote. Wewe unajua, sisi tuliopanga foleni za mgao kambini hatuna ulimi wa kusema hiki nakula, hiki sili. Kwetu hilo ni kumtukana aliyekupa. Ikanitoka kabisa akilini kwamba mwenye mimba huku wanamkataza samaki mbichi.

Jumamosi tukafika. Nilikuwa nimepanga kila kitu: mimi kiti cha mwisho kushoto, Abigail katikati kama pazia, Égide kulia kwake. Mpishi, mtu wa makamo mwenye mikono myepesi, alipoona tumbo la Abigail akaweka kisu chini. Akauliza kwa upole kama hakuna aliyeulizwa kwenye simu. Abigail akanigeukia. Nikaangalia ukuta wangu wa mbao. Mpishi hakutuaibisha, akasema atampikia yai na kamba wa kuchemsha, tusijali. Lakini harufu ya siki kwenye wali ilimwamshia Abigail kiungulia, na kabla hatujafika popote akasema anatoka nje kupunga hewa. Binti wa mgahawa akamfuata na glasi ya maji.

Pazia likaondoka, Yaya. Kukabaki mimi, kiti kitupu, na mkwe wangu.

Mpishi akaweka kipande mbele yangu na kingine mbele ya Égide, akasema viliwe sasa hivi, wali ungali na joto. Mkono wangu ukakataa kuinuka. Nikaona kwa pembe ya jicho Égide anasogeza kiti, nikajua anaondoka, na moyoni nikasema hapo ndipo nimempoteza mwanangu. Hakuondoka. Aligeuza kiti, akanipa mgongo, uso akauelekeza mlangoni, katika mgahawa uliojaa watu waliovaa vizuri. Akasema polepole, "Mama, kula. Mimi siangalii."

Wale wageni wengine wakaacha kutafuna. Mpishi alitutazama sisi, kisha akatazama kipande cha Égide kinachopoa. Mimi nikauliza nani alimfundisha hayo. Akajibu akiwa bado amenipa mgongo kwamba mama yake alifariki kambini yeye akiwa mdogo, kwa hiyo hakuwa na wa kumwelekeza namna ya kumheshimu mkwe. Mwaka jana alikwenda kitongoji cha St Marys kwa mzee Lazare, Mnande mwenzetu wa kanisani, akamuuliza kosa lake ni nini. Mzee akamwambia si kosa, ni desturi, na kwamba kama siku moja itabidi tule pamoja, naye hawezi kutoka, ampe mama mkwe mgongo.

Mwaka mzima alikuwa nalo hilo, Yaya, na hakunidai chochote.

Nilinyoosha mkono juu ya kile kiti kitupu, nikamgusa bega. Nikamwambia, "Égide, geuka. Kula, mwanangu." Akageuka. Nikachukua kile kipande kwa vidole kama mpishi alivyotuonyesha, nikakitia mdomoni, nikatafuna nikimtazama machoni. Samaki alikuwa mlaini kama siagi, na mimi nilikuwa nalia. Abigail aliporudi alitukuta tunakula, akadhani tumetiwa pilipili. Nikwambie kweli, sijawahi kujisikia mwepesi namna ile tangu siku tuliyopata karatasi za kutoka kambini.

Sasa linakuja lile lililonifanya nishike kalamu. Desturi ni ya kweli, na mama alitufundisha, lakini haikuwa sababu yangu. Nilimkimbia Égide kwa sababu alinichukulia mtoto nikabaki na kuta, na nilikuwa na hasira naye isiyo na haki. Desturi ilinipa mlango wa kujifungia. Na Abigail aliponiuliza mara ya kwanza kwa nini, sikuwa na uso wa kusema hivyo. Nikamwambia ni wewe. Nikamwambia Mama Mkubwa, huko huko Butembo, amenikataza kukaa naye meza moja, kwamba Mrundi wake huyo humtaki, na mimi mdogo siwezi kukuvunjia neno. Wewe hukuwahi kusema kitu kama hicho. Hukuwahi kusema ila baraka. Ndiyo maana Abigail hakukupigia hata ulipofiwa, na wewe ukanyamaza, na mimi nikaona na nikaacha.

Nilimwambia ukweli kwenye treni tukirudi. Alinitazama vituo viwili vizima. Kisha akalia kwa ajili yako, si kwa ajili yangu, na hiyo ndiyo adhabu niliyostahili. Amesema chumba cha kuzalia nitaingia, lakini wa kwanza kusikia sauti ya mtoto baada yetu utakuwa wewe.

Nakuomba msamaha, Yaya. Uninyime kama ni lazima, ila usimnyime yeye. Atakupigia Jumapili baada ya ibada, anajifunza maneno ya rambirambi kwa Kiswahili na Égide anamsahihisha. Pokea, hata ukikuta hasira bado ina moto. Ukitaka kunigombeza mimi, sema kwa sauti tu: nitakuwa hapo hapo mezani, mkwe wangu mbele yangu, tunakula.

Wasalimie watoto wote na majirani wanaonikumbuka. Mungu akuguse goti na moyo pia.

Ni mimi mdogo wako mwenye makosa,
Kyakimwa