Hasamba-saba, Kerneli Uliyoniachia

Mpendwa kaka,

Printa mpya ya hapa stationari iligoma kutambuliwa na laptopi yako, nikajua siku imefika. Ilibidi nijenge kerneli nyingine, ile sehemu ya mfumo inayoiamsha mashine na kuiunganisha na vifaa vyake. Yako ya mwisho uliiita hasamba-saba, kwa jina la kijiji cha nyumbani, nayo ilikuwa ya saba kuijenga. Sasa nyumbani ndiko tulikokuzika. Yangu nimeiita hasamba-nane. Sikupata jina jingine.

Nilifuata daftari lako. Nilianza kama ulivyokuwa ukianza, kwa kubandika maharage, maana ulisema kazi hii na maharage huiva pamoja. Unamkumbuka yule mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kutoa fotokopi?

"Ba fundi, leo mnapika kompyuta au mnapika mboga?"

"Vyote, mama," ukamjibu. "Kitakachowahi ndicho tutakachokula."

Alicheka mpaka akasahau karatasi zake.

Safari hii maharage yaliwahi. Nilikula peke yangu, nikabakiza nusu kwa mazoea.

Nilipowasha, ikaja skrini nyeusi yenye maandishi meupe: mfumo hauioni diski. Nikazima, nikawasha, yale yale. Picha zako zote zimo humo, kaka. Ndipo nikakumbuka ile orodha ya kerneli inayopita haraka mwanzoni. Nikachagua hasamba-saba, nayo ikaamka bila maneno.

Nililinganisha mipangilio yako na yangu, mstari kwa mstari, hadi nikaona kosa. Nilikuwa nimeondoa kiendeshi cha diski, kile kipande cha programu kinachouwezesha mfumo kuiona. Sikukijua, nikadhani hakitumiki.

"Ondoa usichotumia, si usichokijua!" Ulinikaripia hivyo mara ngapi? Kisha unanisogezea kiti chako, wewe unasimama.

Kiti hicho ndicho ninachokalia sasa. Malori yamejipanga hadi mbele ya mlango, watu wanaingia na kutoka, lakini hakuna wa kumwambia, "Njoo uone, imekubali."

Maana nilirekebisha, nikajenga upya, ikakubali. Iliamka juzi, ikaamka jana, na printa inachapa vizuri. Tatizo ni ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko wako: mpya ikiamka mara tatu, futa ya zamani, nafasi ni ndogo. Sijawahi kukuvunjia neno la kazi. Lakini nikiifuta hasamba-saba, hakuna kitu tena humu ndani kitakachoamka kwa mkono wako.

Kwa hiyo tangu jana sijaizima, isije ikaamka mara ya tatu. Nafunga duka, naiacha inawaka. Leo mchana umeme ulikatika. Betri unaijua ilivyochoka. Niliwaambia wateja wasubiri, nikapunguza mwanga wa skrini, nikakaa nayo, nikiangalia asilimia zikishuka, mpaka umeme uliporudi.

Pumzika, kaka. Huku bado tuko macho.

Mdogo wako,
Tunduma