Si Mimi Niliyesoma Ujumbe wa Wambui

Umoja, Nairobi
Ijumaa, alasiri

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kutoka huku Umoja. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia siku hizi unachonga ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki, kile kigoda chako umekiweka kando. Hapo nikajua linauma kweli, kwa sababu kigoda hicho hukukiacha hata ulipokuwa na homa. Tafadhali mwache kaka Mutua akupeleke zahanati, usingoje livimbe tena. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni sikuwa mzima kwa wiki kadhaa, lakini leo mchana nilipika ugali na sukuma nikamaliza sahani, na sasa nimekaa dirishani nikuandikie.

Mama alinieleza ulivyokataa kushika simu nilipopiga. Ati ulisema, "Kama ana la kusema aliandike, nilisome mara mbili." Sikukasirika, Baba. Habari iliyokufikia kupitia kikundi cha ukoo, kwamba Nduku ameshikwa na polisi kwa kusoma siri za watu, ilifika ikiwa imepinda. Polisi sikuwaona. Lakini ni kweli nilishtakiwa mbele ya majirani zangu wote. Nitakueleza yote yalivyotokea, hata pale nilipokosea.

Kazi yangu unaijua, kupanda nguzo na mapaa nikivuta nyaya za mtandao mpaka majumbani. Wateja wakibadilishiwa mitambo ya kurushia mtandao ndani ya nyumba, ile ya zamani hutupwa, na msimamizi wangu aliniruhusu kuichukua. Mwaka jana nilifunga mmoja kila ghorofa ya ploti yetu, hili jengo la wapangaji, nikaiunganisha yote na kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni, iliyokaa juu ya kabati langu. Hapo tukapata njia yetu ya kuandikiana ujumbe sisi kwa sisi bila kununua bando. Maji yakifika, mtu wa chini anaandika, na sisi wa juu tunajaza mitungi kabla hayajakatika. Mtoto akizidiwa, jirani mwenye gari anajua papo hapo. Baadaye niliweka antena juu ya paa, ikaelekea paa moja kule mtaa wa Tena, na nyumba kadhaa za huko zikaingia pia.

Aliyeniomba hiyo ya Tena ni Wambui, jirani yangu wa mlango wa pili. Anauza mashuka sokoni, na mumewe, Kamau, ni mfanyabiashara wa mbuzi soko la Kiamaiko. Dada yake Wambui, Njeri, anaishi Tena, na hao wawili hawawezi kumaliza saa moja bila kuandikiana. Wambui ndiye rafiki wa kwanza niliyempata hapa. Nilipougua tumbo mwaka ule, yeye ndiye aliyenipikia uji.

Sasa Baba, nikueleze jinsi ujumbe unavyosafiri, kwa sababu kesi yote ilisimama hapo. Ukiandika, simu yako kwanza inaufunga huo ujumbe kwa kufuli. Kisha inaukata vipande vidogo, kila kipande kina anwani ya kinakokwenda. Vinapita kwenye mitambo yangu, vinangoja kwenye ile kompyuta ndogo kama simu ya mwenzako imezimwa, halafu vinaungwa tena upande wa pili. Kila simu ina funguo mbili. Mmoja unagawiwa kwa kila mtu, na kazi yake ni kufunga tu. Wa pili, wa kufungua, hautoki ndani ya simu ila mwenyewe aruhusu. Huo mimi sina. Ujuzi huu sikuuvumbua mimi. Ni wa watu waliokesha na hesabu miaka mingi wakauacha wazi kila mtu autumie. Mimi niliuunganisha tu na ploti yetu.

Basi Wambui alipata uvimbe kwenye titi. Hakumwambia mtu. Kamau mwenyewe hakuambiwa, kwa kuwa mama yake Kamau alikufa kwa ugonjwa wa aina hiyo, na Wambui alitaka kwanza aende hospitali ajue ni nini. Alimwandikia Njeri peke yake.

Siku chache baadaye Mama Kioko wa ghorofa ya chini akapanda na chupa ya uji, akabisha kwa Wambui, akasema pale mlangoni kwa sauti ile yake, "Pole sana mama. Mungu ataliponya hilo titi." Kamau alikuwa amekaa kwenye kochi akivua viatu.

Niliyasikia mabishano kupitia ukutani, sikuelewa. Halafu mlango wangu ukapigwa kwa kiganja.

"Nduku, kwani nilikukosea nini?"

"Kuna nini, Wambui?"

"Usinifanye mjinga. Hiyo kitu niliandikia Njeri peke yake. Njeri ameapa hajaambia mtu. Na meseji zetu zote zinapitia wapi? Si hapa, juu ya kabati yako?"

"Zinapita, lakini zimefungwa. Siwezi kuzisoma."

"Wewe ndiye uliyeziunda, na unaniambia huwezi?"

Alilia akiwa amesimama. Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha nyuma.

Jioni hiyohiyo Mzee Gitau, mwenyekiti wa ploti, karani mstaafu anayependa kila jambo lifuate utaratibu, aliita mkutano. Mama Kioko, alipoulizwa nani alimwambia, alisema tu ameapa kutomtaja. Nilijaribu kueleza habari ya funguo mbili. Mwanamume mmoja akasema, "Mwenye kutengeneza kufuli hakosi kuwa na ufunguo wa ziada." Watu wakaitikia. Mzee Gitau akaamua mtambo uzimwe na kompyuta ikae kwake mpaka ukweli ujulikane. Antena niliiteremsha kwa mikono yangu mwenyewe, wote wakinitazama kutoka uani.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, Baba. Nikipishana na watu kwenye ngazi, wanageuza simu zao kifuani, kana kwamba macho yangu yanaweza kuzifungua. Mtu mmoja akapeleka maneno kazini. Msimamizi wangu hakunifokea, ila aliniambia, "Nduku, sisi tunaingia nyumba za watu. Kaa kwanza nyumbani hiyo maneno ikaishe." Nikakaa. Kila asubuhi nilivaa ovaroli bila kujua naivalia nini. Ndipo kikundi cha ukoo kikapata habari, na wewe ukakataa simu. Hapo ndipo nilipolia kwelikweli.

Siku moja nikiwa nafua nguo, wazo lilinijia. Ujumbe siwezi kuuona, sawa. Lakini kompyuta yangu inajua kila mtu anatumia vyombo vingapi, maana ni lazima ijue ipeleke wapi. Mtu anaweza kusoma kwa simu, na akitaka anaweza kufungua ujumbe wake kwenye kompyuta pia, kwa kuielekeza simu kwenye alama fulani ya vidoti inayotokea kwenye kioo chake. Njia hiyo niliiweka mimi kwa ajili ya Mzee Gitau, ambaye haoni vizuri maandishi madogo.

Nilienda kwake mikono ikiwa bado na sabuni. "Mzee, nipe nusu saa tu mbele ya watu wote. Usipoona kitu, nitahama."

Jumamosi tukakusanyika uani. Nikawasha kompyuta, nikamwomba Wambui ruhusa ya kuangalia orodha ya vyombo vyake. Alikuwa amekonda. Kamau alisimama kando yake, mkono begani mwake, na kumwona hapo kulinipa moyo kidogo. Wambui akasema, "Angalia."

Nikageuza kioo wakione wote. "Vyombo viwili. Simu moja, na kompyuta moja."

"Mimi sina kompyuta," Wambui akasema.

"Hujawahi kufungua meseji zako mahali popote?"

Akaweka mkono mdomoni. "Pale saiba. Nilikuwa naprinti barua ya hospitali. Faith aliniambia nielekeze simu kwa kioo ndio faili itoke."

Saiba hiyo, duka la kompyuta za kukodi, iko chini ya ploti yetu, inatazama barabara, nayo imeunganishwa na mtandao wetu kama nyumba nyingine yoyote. Tukaenda sote, hata Mama Kioko na mtoto mgongoni. Faith, dada anayeisimamia, alikuwa anamchapia mteja barua ya kuomba kazi. Mzee Gitau akamwomba kwa adabu awashe kila kompyuta. Ya tatu, ile ya pembeni, ilipofunguka, maneno yote ya Wambui na dada yake yalikuwa pale kwenye kioo. Hata lile la asubuhi ya kwanza: *Njeri, nimeshika kitu, naogopa.*

Wambui alienda mbio akakifunika kioo kwa leso yake.

Faith akaanza kulia. "Sikufungua mimi. Nilikuta iko wazi nikifunga mashine. Nilisoma kidogo tu. Na niliambia mtu mmoja tu, Mama Kioko, ndio amwombee."

Mama Kioko akatazama chini. Yule mteja wa barua akachukua karatasi yake akatoka polepole.

Ningeweza kufurahi hapo hapo, Baba, nikaenda zangu. Lakini nilijua sehemu yangu. Nikawaambia, "Kufuli halikuvunjwa. Ila huu mlango wa kompyuta niliuweka mimi, na nikauacha ukae wazi mpaka mwenyewe aufunge. Sikumfundisha mtu hata mmoja namna ya kuufunga. Wambui, hapo nilikukosea. Nisamehe."

Akanijibu, "Mimi ndiye nilikuita mwizi mbele ya watu." Tukashikana pale kati ya mashine na karatasi, tukalia kama watoto.

Sasa nimerekebisha. Kompyuta ikikaa saa moja bila mwenyewe kuithibitisha kwa simu, inajifunga na kufuta kila kitu. Na mtu akifungua ujumbe wake mahali pengine, simu yake inamwambia. Mzee Gitau alinifanya nieleze hayo nyumba kwa nyumba, mara mbili kwa waliochelewa kuelewa. Faith amemwomba Wambui msamaha. Wanaongea, ingawa si kama zamani. Jumapili nilirudisha antena juu ya paa, na aliyenishikia ngazi ni Wambui. Jumatatu nikarudi kazini. Msimamizi alinipa tu orodha ya nyumba za siku hiyo, kana kwamba sikuwa nimeondoka, nami nikaona amefanya vizuri.

Kilichobaki ni majibu ya Wambui kutoka hospitali. Walikata kipande kidogo wakakipime, na leo Kamau ameacha mbuzi wake Kiamaiko ili aende naye kuyachukua. Wametoka tangu asubuhi. Nimeandika barua hii nusu kwa ajili yako na nusu kwa ajili ya kutuliza mikono.

Msalimie Mama, mwambie zile njugu alizotuma zilifika nzima. Msalimie kaka Mutua, dereva wetu, asiendeshe akiwa na usingizi. Msalimie Shangazi wa kwaya, na Ami mwalimu, na ikiwezekana yeye akusomee barua hii kama macho yamechoka. Nikipata likizo

Baba, nimekatiza hapo juu kwa sababu simu imelia. Ni ujumbe uliotumwa kwa nyumba zote, za Umoja na za Tena. Nakunakilia ulivyo, neno kwa neno:

*Majirani, ni Wambui. Majibu yametoka. Si saratani. Naandika mwenyewe ndio msisikie kwa mtu mwingine. Asanteni kwa maombi.*

Sasa hivi ngazi zote zinapiga vigelegele, na mtu anagonga mlango wangu. Nadhani ni yeye.

Mwanao,
Nduku